Udongo uliokula moshi: nani atalipa kuusafisha?



Juma hili tunajibu ulizo ambalo limerudi zaidi ya mara moja katika mikutano yetu ya likelemba. Kuna watu wanaouza malupangu kwa bei ndogo karibu na sehemu ambazo zamani zilipokea moshi ao takataka za kiwanda. Mama anahesabu feza yake, anaona inatosha, anafurahi. Akienda kutazama, anakuta udongo mtupu, majani yameota hapa na pale tu, na jirani anamwambia kwamba mahindi yanageuka manjano mbele ya kufika magotini. Anarudi na kutuuliza: ninunue ao nisinunue? Na kama udongo ni mbaya, nani anapaswa kuusafisha: mimi, kiwanda, ao Leta?

Jibu letu fupi ni hili. Usinunue mbele ya kujua udongo una nini. Na mzigo wa kuusafisha si wa mama aliyenunua kwa feza ya likelemba. Ni deni la yule aliyechafua. Pale ambapo aliyechafua hayupo tena, ni deni la feza ya watu wote, ile inayokaa mikononi mwa Leta, jimbo na komine. Jibu refu linataka tuelezane namna uchafu ulivyofika, unafanya nini ndani ya mwili wa mtoto, na kwa nini feza ya usafi inakawia.

Moshi ulikwenda, udongo ulibaki

Muji wetu wa Lubumbashi ulizaliwa na shaba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906, na kiwanda cha kuyeyusha shaba kikaanza kazi hapa mwaka wa 1911, muji wenyewe ukiwa bado mtoto mchanga. Mwaka wa 1967 Leta ilichukua mali ile, na ndipo ikatoka kampuni tunayoiita leo Gécamines. Wengi wetu tulisomeshwa na mishahara ya kazi hiyo. Hatuandiki leo kutukana chungu kilichotulisha. Tunaandika juu ya mabaki yaliyobaki chini ya chungu.

Kwa makumi ya miaka shimine ilitoa moshi uliobeba vumbi la shaba, zinki, kobalti, kadimiumu, arseniki na madini ya risasi, ile wengi tunaita plomb. Hapa kwetu upepo wa kiangazi unatoka sana upande wa kusini-mashariki, kwa hiyo vumbi lilienda kuanguka upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda. Wenye elimu wanaita sehemu hiyo koni ya uchafu, kwa kuwa inaanza nyembamba karibu na shimine na kupanuka kadiri inavyoenda mbali. Penga Penga ni pahali panapojulikana sana katika koni hiyo: kuna udongo uliobaki uchi kwa miaka mingi, miti iliyokuwa ya msitu haikurudi.

Miaka ya 1990 kazi ya kiwanda cha zamani ilianguka na moshi ule ukaisha. Watu wengine walifikiri shida nayo imeisha. Lakini madini hayaozi kama ganda la ndizi, na moto hauyamalizi. Mvua ya miaka 30 haiyapeleki yote mtoni. Yanakaa katika udongo wa juu, ule ule tunaoufagia asubuhi, tunaoupanda lengalenga, na ambao watoto wanauchezea.

Si Lubumbashi peke yake. Ndugu zetu wa Kipushi waliona mine yao ikisimama mwaka wa 1993 na kurudia kazi mwaka wa 2024. Katika miaka yote ya katikati, mabaki yaliyosagwa yalikaa nje, karibu na watu.

Ndani ya mwili wa mtoto

Kati ya madini hayo, plomb ndiyo inayotusumbua zaidi sisi tunaolea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kipimo cha plomb katika damu ya mtoto ambacho kinajulikana kuwa hakina hatari. Mtoto mdogo anatambaa, anagusa vumbi, anaweka mikono kinywani, na mwili wake unapokea sehemu kubwa ya plomb kuliko mwili wa mtu mzima. Inaingia katika ubongo wakati ubongo unajengwa. Ikiwa kidogo, inapunguza akili ya kukumbuka na ya kutulia. Ikiwa nyingi, inaleta degedege, hata kifo. Kwa mama mwenye mimba, inapita kutoka damu yake na kumfikia mtoto tumboni. Ndiyo sababu tunawaomba wadada wenye mimba waache kula udongo wa lupangu, na hata pemba ya sokoni kama hawajui ilichimbwa wapi.

Sisi tunaofundisha tunajua mtoto anayeandika herufi leo na kesho amesahau. Hatupaswi kumwita mvivu haraka. Inaweza kuwa njaa, malaria, macho mabaya, ao kulala kidogo. Katika kartie zilizo ndani ya koni ya uchafu, inaweza pia kuwa plomb, na kipimo cha damu peke yake ndicho kinachoweza kusema.

Kadimiumu nayo inapenda mboga za majani, na kwa miaka mingi inaharibu figo. Kwa hiyo udongo mbaya haukai nje ya nyumba. Unaingia kwa mlango, kwa viatu, na kwa sahani ya bukari na mboga.

Kusafisha ni kufanya nini?

Kuna njia tatu, na bei zake hazifanani.

Ya kwanza ni kuondoa udongo wa juu, kuupeleka pahali palipotayarishwa ili maji yasiupenye, na kuleta udongo mwingine safi. Ni njia nzuri kwa lupangu za watu na viwanja vya shule, lakini inataka malori, mashini na feza nyingi. Tena inataka uhakika kwamba udongo mbaya hautaenda kumwagwa kwa mwingine.

Ya pili ni kufunika: kuweka udongo safi juu, kukanyaga vizuri, kupanda majani, ao kutia simenti kwenye njia na kiwanja. Inapunguza vumbi, lakini inataka kutunzwa. Mvua ikichimba, shida inarudi.

Ya tatu ni kutuliza madini pale pale yalipo. Shokaa inapunguza ukali wa udongo, na mbolea ya kuoza inashika madini ili mizizi isiyavute kirahisi. Wenye elimu wa Unilu, kitivo cha agronomia, walijaribu njia hiyo Penga Penga kwenye: walitia shokaa na mbolea, wakapanda majani ya aina ya vilima vya shaba ambayo yamezoea udongo wa namna hiyo, na pia miti katika mashimo yaliyotengenezwa. Njia hii ni ya bei ndogo kuliko zingine, inafunika udongo na kuzuia vumbi. Haiondoi madini, kwa hiyo pahali hapo hapafai kuwa shamba la mboga. Lakini inatuonyesha jambo moja: hatukosi maarifa. Watu wa kwetu wameyapata kwenye udongo wetu. Kinachokosa ni mfuko wa feza wa kuyatoa kwenye majaribio na kuyafikisha katika kartie nzima.

Yale tunayojifunza kwa wengine

Tuanze kwa jirani. Kabwe, Zambia, iko upande wa kusini, ng'ambo ya Kasumbalesa, kwenye inchi ile ile inayotuletea unga. Mine ya plomb na zinki ya Kabwe ilifanya kazi tangu mwanzo wa miaka ya 1900, kwanza chini ya wakoloni, kisha chini ya kampuni ya Leta, mpaka ikafungwa mwaka wa 1994. Watoto wa kartie zilizo karibu walikutwa na plomb nyingi sana katika damu. Kati ya 2003 na 2011 mradi moja wa feza ya Benki ya Dunia ulisafisha mfereji mkubwa, na watoto wamoja wakapimwa na kutunzwa. Mradi ukaisha, lakini mlima wa takataka za mine ulibaki wazi, na upepo ukaendelea kugawa vumbi. Mwisho wa mwaka wa 2016 Benki ya Dunia ilikubali tena dola milioni 65.6 kwa ajili ya Kabwe na miji mingine ya mine ya Zambia.

Tukumbuke: feza hiyo ni mkopo. Wazambia wenyewe ndio watakaoulipa, hata mama anayeuza nyanya, wakati walioondoka na faida ya mwanzo hawaulizwi kitu. Na tuone jambo la pili: ukisafisha nyumba na kuacha chanzo cha vumbi, unafagia huku mwenzako anamwaga.

Kule Nigeria, katika jimbo la Zamfara, hawakuwa na kiwanda kikubwa. Watu walisaga mawe ya dhahabu nyumbani, na mawe yale yalikuwa na plomb. Mwaka wa 2010 waganga waligundua kwamba watoto wanakufa. Zaidi ya 400 walikufa. Kijiji kikubwa cha Bagega kilibaki bila kusafishwa, na Médecins Sans Frontières hawakuweza kuanza dawa kwa watoto wa pale, kwa sababu mtoto anayetibiwa na kurudi kulala juu ya udongo ule ule anapata sumu upya. Serikali iliahidi feza mwaka wa 2012. Ilitoka mwanzo wa mwaka wa 2013, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Feza ya kusafisha udongo ilikuwa sehemu ya dawa. Kila mwezi iliokawia, mtoto alikawia kupona.

Mfano wa tatu uko mbali, lakini ulianzishwa na wamama. Marekani, karibu na Niagara Falls, kartie ya Love Canal ilijengwa, pamoja na shule yake, juu ya takataka za kiwanda zilizozikwa. Mwaka wa 1978 mama moja, Lois Gibbs, ambaye mtoto wake alisoma pale na kuugua, alipita mlango kwa mlango na kukusanya majirani. Hakuwa mwanasheria wala mganga. Mwaka huo Rais Carter alitangaza hali ya hatari, na mwaka wa 1980 ilitoka sheria inayoitwa Superfund: anayechafua alipe, na pale asipoonekana, kuna mfuko. Mfuko huo ulijazwa sana na kodi juu ya makampuni ya petroli na ya madawa ya kiwandani. Kodi hiyo iliisha mwaka wa 1995, mzigo ukahamia kwa kodi ya watu wote na kazi ikapungua, mpaka sheria za 2021 na 2022 zikairudisha. Hata kwa matajiri, mfuko usiojazwa ni jina tu.

Sheria yetu inasema nini

Wamama wengi wanafikiri kwamba kuomba usafi wa udongo ni kuomba huruma. Si hivyo. Katiba yetu ya 2006, katika article 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi pahali penye usafi panapomwezesha kustawi. Article 54 inasema uchafu unaotokana na kazi ya biashara unapaswa kulipiwa ao kutengenezwa. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira iliweka kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa, tena ikaunda mfuko wa Leta wa kuingilia shida za mazingira. Kode ya mine, iliyogeuzwa mwaka wa 2018, inadai kila kampuni itoe dhamana ya feza kwa ajili ya kutengeneza udongo baada ya kazi.

Tatizo liko hapa: dhamana hiyo inatazama mine za leo. Udongo uliokula moshi tangu 1911 hauna dhamana yoyote. Ni udongo yatima. Sehemu ya kwanza ulichafuliwa na kampuni ya wakoloni, sehemu ya pili na kampuni ya Leta yenyewe. Basi tusipotezeane muda kutafuta mwenye deni. Leta ilikuwa mwenye kiwanda, na leo ndiyo inayopokea kodi ya mine mpya. Dawa ya deni ni kulipa.

Na feza ya kuanzia ipo. Kode ya 2018 inagawa malipo ambayo makampuni yanatoa juu ya madini wanayouza, yale tunayoita redevance: asilimia 50 kwa Leta ya katikati, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine ao sekta ao chefferie ambamo mine inafanya kazi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kampuni inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu. Tunasikia mara nyingi kwamba feza hiyo inajenga madarasa na kuchimba visima, na tunashukuru. Lakini darasa jipya juu ya udongo wenye plomb ni kazi nusu. Kwa maoni yetu, kiwanja cha shule chenye udongo safi ni kazi ya lazima sawa na paa la shule. Na kama kuna vizazi vijavyo vya kufikiriwa, ni hawa wanaotambaa sasa.

Mbele feza haijafika

Hatuwezi kungoja mikono mitupu. Nyumba zilizo katika sehemu hizo zifanye haya:

Tieni maji kidogo mbele ya kufagia, ao pangusa kwa kitambaa chenye maji, ili vumbi lisiruke. Viatu vibaki mlangoni. Mtoto anawe mikono kwa sabuni mbele ya kula na mbele ya kulala, na kucha zake zikatwe.

Mboga za majani zioshwe mara mbili ao tatu kwa maji mengi, sababu sehemu kubwa ya madini inakuja na vumbi lililo juu ya jani. Viazi na mihogo vimenywe. Mujue kwamba kuchemsha maji hakuondoi plomb. Kunaua wadudu tu.

Mwenye kulima lengalenga ao matembele ndani ya lupangu, atengeneze kitanda kilichoinuliwa, chenye udongo ulioletwa kutoka pahali safi pamoja na mbolea. Miti ya matunda haina hatari sana kama mboga za majani.

Mtoto asikae na njaa. Chakula chenye chuma na kalisi, kama maharagi na ndakala wanaoliwa pamoja na mifupa yao, kinasaidia mwili kukataa plomb. Hakiponyeshi, lakini kinasaidia.

Na mwenye kutaka kununua lupangu, aulize chefu wa kartie na wazee waliokaa pale: hapa palikuwa nini? Moshi uliangukia wapi? Kama jibu linazungushwa, mshike feza yenu.

Barua yetu kwa bwana burgumestre

Siku ya posho ijayo, baada ya likelemba, tutasoma pamoja barua ya shirika na kuitia sahihi. Inaomba mambo manne, na tunayaandika hapa ili kila mama ayafikirie nyumbani.

Kwanza, udongo wa viwanja vya shule na sehemu za kuchezea watoto katika komine yetu upimwe, na matokeo yabandikwe pahali pa wazi, kwa kifaransa na kwa kiswahili.

Pili, pasikatwe malupangu mapya katika sehemu za koni ya uchafu mbele ya kipimo. Mnunuzi apewe kipimo hicho pamoja na karatasi za lupangu.

Tatu, komine iseme kila mwaka imepokea redevance kiasi gani, ao kama haikupokea, kwa sababu gani. Na sehemu ya feza hiyo iandikwe katika bajeti kwa jina lake kamili: kusafisha udongo. Feza isiyo na jina inaliwa na kazi zingine.

Nne, komine ipeleke ombi kwa jimbo na kwa Leta ya katikati ili mfuko wa mazingira utazame udongo yatima, kwa msaada wa wenye elimu wa Unilu ambao wanaujua tayari.

Tutaomba pia kwamba wamama wawili wa shirika wakae katika kamati itakayofuata kazi hiyo. Kabwe imetufundisha kwamba mradi unaweza kuisha na vumbi likabaki. Anayefagia kila asubuhi ndiye atakayejua kwanza kama vumbi limepungua.

Anayetaka jina lake liwe katika barua na hawezi kufika, amtume jirani ao binti yake. Mwenye lupangu ambamo majani hayaoti, aje na habari: iko avenue gani, amekaa pale miaka mingapi, watoto wangapi wako nyumbani. Tutaziandika zote katika daftari moja, na daftari hilo litaenda pamoja na barua.